Machi kwenye Pwani ya Florida: Mwongozo wa Kutazama Besiboli Kabla Haijaanza Kuhesabiwa

Katikati ya Februari kila mwaka, mitaa ya Boston, Detroit na Toronto ikiwa bado na theluji, klabu 30 za Ligi Kuu ya besiboli ya Amerika Kaskazini hufunga mizigo na kufuata joto. Kumi na tano huweka kambi Arizona, jangwani. Kumi na tano nyingine huenda Florida, nyingi zikiwa jirani na bahari, na hukaa huko takriban wiki sita zikifanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki hadi msimu unapofunguliwa mwishoni mwa Machi. Kundi la Florida huitwa Grapefruit League, yaani Ligi ya Balungi. Husimuliwa kwamba jina hilo lilianzia Daytona Beach mwaka 1915, pale Wilbert Robinson, kocha wa Brooklyn, alipojitolea kudaka mpira utakaodondoshwa kutoka angani. Rubani, mwanamke aliyeitwa Ruth Law, akadondosha balungi. Likampasukia kifuani, na mzee akadhani maji yanayomtiririka ni damu yake. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako unayefikiria kwenda, iwe unaishi Columbus, Houston au Toronto, au utatoka Afrika Mashariki kumtembelea ndugu. Nina hoja moja tu: safari hii humfaa zaidi mtu aliyekubali tangu nyumbani kwamba mechi ni sehemu yake ndogo, akapanga siku zake kufuata asubuhi, viwanja vya nyuma na mji mmoja au miwili, badala ya kukimbiza orodha ya viwanja na majina ya nyota.

Pingamizi la kwanza ndilo zito kuliko yote. Kwa nini mtu alipe nauli, hoteli na tiketi ili atazame mechi zisizo na pointi? Mshabiki wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua mechi ya kirafiki: wachezaji wanajilinda wasiumie, na kipindi cha pili kocha anabadilisha karibu timu nzima. Besiboli ya Machi ni hivyo hivyo, tena zaidi. Nyota akishapiga mara mbili au tatu, kufikia raundi ya tano ameshaoga. Mrushaji aliyekuwa hagusiki hutolewa kwa sababu tu ametimiza idadi ya mipira aliyopangiwa siku hiyo. Raundi tisa zikiisha kwa sare, kwa kawaida watu huenda nyumbani, jambo ambalo msimu ukishaanza halipo. Klabu inaweza hata kujigawa siku moja, nusu ikacheza nyumbani na nusu ikapanda basi kwenda mji mwingine. Yote haya ni kweli, na anayekwenda akitarajia joto la fainali za Oktoba atarudi na kinyongo.

Hata hivyo pingamizi hilo linatazama jedwali na kumsahau mchezaji. Machi timu haihesabiwi, lakini mtu anahesabiwa. Kambi hufunguliwa ikiwa na wachezaji sitini na zaidi, na siku ya ufunguzi wanaobaki kwenye kikosi ni 26. Kila baada ya siku chache majina yanapungua: huyu anarudishwa daraja la chini, yule anaachwa kabisa. Tofauti ya maisha kati ya aliyebaki na aliyeondoka ni kubwa mno. Kima cha chini cha mshahara wa Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa mwaka. Kwa mchezaji wa daraja linalofuata chini yake, mkataba uliofikiwa mwaka 2023 uliweka kima cha chini cha dola 35,800. Kwa hiyo unapomwona kijana mwenye namba 87 mgongoni akiingia raundi ya saba, jukwaa likiwa nusu tupu na watu wakitafuta funguo za magari yao, tambua kwamba huenda yeye ndiye mtu mwenye presha kubwa kuliko wote uwanjani. Namba kubwa maana yake ni kwamba klabu haikumtarajia kubaki. Atapata nafasi moja ya kupiga, labda mbili, na makocha wanaandika. Ndiyo maana nakushauri usiondoke raundi ya tano pamoja na wengi. Hapo ndipo kazi ya kweli ya kambi huanza kuonekana. Tangu mwaka 2024 Ligi Kuu yenyewe imetenga siku kadhaa katikati ya Machi za mechi ziitwazo Spring Breakout, ambamo klabu huwachezesha vijana wake wanaotarajiwa. Ukiweza kupatanisha safari yako na siku hizo, fanya hivyo.

Sasa asubuhi. Nyuma ya uwanja mkuu, au umbali mfupi kutoka hapo, klabu huwa na viwanja kadhaa vya mazoezi visivyo na majukwaa, vyenye uzio wa waya na njia za saruji zinazopita katikati. Klabu ambazo huruhusu watu kuingia kwa kawaida hazitozi kiingilio. Fika saa 3 na nusu. Utakuta warushaji wanne au watano wamesimama mstari mmoja, kila mmoja juu ya kilima chake kidogo cha udongo, wakiwarushia wadakaji waliochuchumaa mita 18.44 mbele yao. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hivi na mishono 108 ya uzi mwekundu. Ukiwa jukwaani unauona kama nukta nyeupe. Ukiwa nyuma ya waya, hatua tatu kutoka kwa mdakaji, unausikia ukivuma kabla haujatua, kisha glavu inalia paa!, mlio mkavu kama wa mlango wa mbao uliobamizwa na upepo. Mdakaji hairudishi glavu mara moja. Anaiacha pale pale mpira ulipotua ili mwenzake aone. Mrushaji anaupokea tena mpira, anautazama, anasogeza kidole cha shahada kando ya mshono, labda kwa upana wa punje ya mchele, anarusha. Ule uliokuwa unanyooka sasa unazama kuelekea magotini. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna tangazo lolote kwenye kipaza sauti. Ukielewa hicho kidole kilifanya nini, umeielewa besiboli kuliko mtu aliyetazama mechi ishirini kwenye televisheni.

Ukitembea hatua mia moja utamkuta kocha mwenye gongo jembamba refu akiwapigia walinzi mipira ya kuburuza ardhini, mmoja baada ya mwingine, dakika thelathini bila kupumzika. Mtu analipwa mamilioni ya dola, na asubuhi yake inapita kwa kuinama, kuokota na kutupa, kuinama, kuokota na kutupa. Mshabiki wa Simba au Yanga ambaye timu yake ikienda kambini nje ya nchi husubiri picha za mtandaoni ataona ajabu kwamba hapa mlango uko wazi. Lakini uwazi huo una adabu zake. Usimwite mchezaji aliye katikati ya zoezi. Kama unataka saini, simama kwenye njia ambayo wachezaji huipita wakitoka kiwanja kimoja kwenda kingine, uwe na kalamu yako na mpira wako, na waachie watoto watangulie. Halafu, hili nalisema kwa msisitizo, usigeuze mgongo kwenye kiwanja ambacho watu wanapiga. Mpira uliopigwa vibaya hutoka nje kwa kasi ya kuvunja mfupa, na kwenye viwanja vya nyuma nyavu za kuwakinga watazamaji ni chache. Klabu hazifanani pia: nyingine hufungua viwanja hivi kila asubuhi, nyingine siku chache tu, nyingine huvifunga kabisa, na ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka. Angalia tovuti ya klabu yenyewe wiki ile unayokwenda.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki viwanja hivyo vya nyuma vina uzito wa pekee, na uzito huo uko zaidi Bradenton, mji mdogo kusini mwa ghuba ya Tampa ambako Pittsburgh Pirates wana kambi yao. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na klabu hiyo mwaka 2008 akiwa kijana wa miaka 18, na mwezi Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika na kukulia huko kucheza Ligi Kuu. Mara ya kwanza kushika gongo alipiga mpira akafika besi salama. Kati ya saini ile na pigo lile ilipita miaka karibu tisa ya madaraja ya chini. Klabu hiyo hiyo imemsajili mrushaji kutoka Uganda, David Matoma. Uganda ndiyo iliyopeleka timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012, baada ya wenzao waliofuzu mwaka uliotangulia kunyimwa viza. Anayedhani mchezo huu hautuhusu asimame asubuhi moja kwenye uzio wa Pirate City, kituo cha mazoezi cha Pirates, awatazame vijana kutoka nchi ambazo besiboli haichezwi shuleni wakijifunza kazi hii. Hakuna jukwaa la mechi litakalomweka karibu nao kiasi hicho.

Ukikubali kwamba asubuhi ndiyo yenye thamani, suala la wapi pa kukaa linajijibu. Klabu 10 kati ya 15 ziko upande wa Ghuba ya Meksiko au jirani yake. Blue Jays wako Dunedin, Phillies wako Clearwater, Yankees wako Tampa, Pirates wako Bradenton, Orioles wako Sarasota. Tigers wako Lakeland, ndani ya nchi kiasi cha kilomita 55 mashariki ya Tampa. Kusini zaidi kuna Braves, North Port, na Rays, Port Charlotte, na mwisho Fort Myers yenye klabu mbili, Red Sox na Twins, yapata kilomita 200 kutoka Tampa. Upande wa Atlantiki kuna Cardinals na Marlins wanaotumia uwanja mmoja Jupiter, Astros na Nationals wanaotumia uwanja mmoja West Palm Beach, na Mets kule Port St. Lucie. Kati ya Tampa na West Palm Beach ni zaidi ya kilomita 300. Watu wengi hujipangia viwanja saba kwa siku saba, na ramani inawaambia inawezekana. Inawezekana kweli, ila gharama yake ni asubuhi zote saba utakazokuwa nyuma ya usukani. Chagua kituo kimoja. Ukikaa Clearwater au Dunedin, viwanja viwili vinatenganishwa na kilomita nane hivi. Ukikaa Bradenton au Sarasota, ni kiasi cha kilomita 20. Kutoka Dunedin hadi Sarasota, kupitia daraja refu la Sunshine Skyway, ni kilomita 90 hivi, kwa hiyo klabu tano zinafikika bila kuhama hoteli hata mara moja.

Kuna atakayesema: kama ukaribu ndio unaotafutwa, basi twende Arizona, ambako kambi zote 15 ziko kwenye jiji la Phoenix na vitongoji vyake. Kwa mtu anayehesabu viwanja, hoja hiyo haina jibu, Arizona inashinda. Tena kama klabu unayoipenda iko huko, nenda huko, mapenzi hayabishaniwi. Lakini kwa aliyekwisha kuamua kukaa mahali pamoja, faida ya Phoenix inapungua sana, na Florida inakupa kitu ambacho jiji kubwa haliwezi, yaani mji mdogo unaoijua klabu yake kwa vizazi. Phillies wamekuwa wakija Clearwater tangu mwaka 1947. Tigers walianza kwenda Lakeland mwaka 1934. Blue Jays wako Dunedin tangu klabu ilipozaliwa mwaka 1977. Mhudumu anayekupasulia tiketi getini anaweza kuwa mstaafu ambaye hufanya kazi hiyo ya Machi mwaka baada ya mwaka, na ukimuuliza kiti gani kinapata kivuli mapema atakujibu sawasawa.

Katika viwanja vyenyewe, kile ambacho singekubali ukikose ni LECOM Park ya Bradenton. Kilijengwa mwaka 1923, na ndicho kikongwe kuliko vyote ambavyo klabu za Ligi Kuu bado zinatumia kwa kambi. Pirates wako hapo tangu mwaka 1969. Kuta zake nyeupe zina umbo la makanisa ya kale ya Kihispania, na kiko katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida, siyo katikati ya eneo la maegesho. Taa ziliwekwa mwaka 2008 tu. Kabla ya hapo kila mechi ya Machi ilichezwa mchana kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Majukwaa yako karibu kiasi cha kuwasikia wachezaji wakiitana. Cha Clearwater ni cha mwaka 2004, kina njia inayozunguka uwanja mzima na tuta la nyasi nyuma ya uwanja wa kushoto ambako unatandika shuka na kukaa. Kwa familia yenye watoto wadogo naona hakuna mahali bora zaidi. Cha Dunedin kiko mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji, na mwaka 2021, mpaka wa Kanada ulipofungwa kwa sababu ya Uviko, Blue Jays walikichezea mechi zenye pointi. Kile cha Yankees, Tampa, kina vipimo vile vile vya uwanja wao wa New York, na kile cha Red Sox, Fort Myers, cha mwaka 2012, kina nakala ya ukuta mrefu wa kijani wa Boston. Nakala hizo zina kazi yake, maana mlinzi anajifunza jinsi mpira unavyodunda kwenye ukuta ule kabla hajaenda nao kaskazini. Lakini kama unakaa Clearwater, ukuta peke yake si sababu ya kutosha ya kuendesha saa mbili na zaidi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Fort Myers ina sababu nyingine, na hii naiona nzito. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1968 Pirates waliweka kambi huko, na miongoni mwao alikuwa Roberto Clemente, Mpuerto Rico mweusi, mmoja wa wachezaji bora waliowahi kuvaa jezi. Miaka ya mwanzo yeye na wenzake weusi hawakuruhusiwa kulala hoteli moja na timu. Walipangishiwa kwenye nyumba za watu weusi upande mwingine wa mji. Basi la timu likisimama mgahawani, wao walibaki ndani ya basi wakisubiri kuletewa chakula. Clemente alilalamika waziwazi na hakuacha. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1946, mchezaji mweusi Jackie Robinson alifukuzwa mji wa Sanford kwa sababu ya rangi yake, kisha tarehe 17 Machi akacheza Daytona Beach mechi ambayo leo inakumbukwa kuwa ya kwanza ya aina yake kwenye kambi za kusini: mweusi akiichezea timu ya weupe mbele ya umma. Uwanja huo bado upo, kwenye kisiwa kidogo cha mto, na una jina lake. Kule St. Petersburg, mwaka 1961, daktari mweusi aliyeitwa Ralph Wimbish alitangaza kwamba hatazisaidia tena klabu kuwatafutia wachezaji weusi nyumba za kulala kando na wenzao, na hoteli zikaanza kusukumwa kufungua milango. Mtu mweusi anayekaa leo kwenye nyasi za Clearwater akila karanga anakaa mahali palipopiganiwa, na nadhani ni haki aijue historia hiyo kabla hajakata tiketi. Ukiwa na siku ya ziada, itumie kwenda Daytona, yapata kilomita 220 kutoka Tampa, kuliko kuongeza kiwanja kingine cha kisasa.

Kuhusu wakati: warushaji na wadakaji huripoti karibu na katikati ya Februari, wengine wote siku chache baadaye, na mechi huanza wiki ya mwisho ya mwezi huo. Wiki ya kwanza ya mechi nyota huonekana kidogo sana, na warushaji wakuu hawavuki raundi mbili. Wiki ya mwisho kikosi kimeshapatikana na wale vijana wa namba kubwa wameondoka. Ninayoipendekeza ni wiki ya pili ya Machi: bado kuna wachezaji wengi wanaogombea, viwanja vya nyuma vimejaa, na walio wakubwa wanaanza kukaa hadi raundi ya tano au ya sita. Ubaya wake ni kwamba ndiyo wakati wa likizo ya vyuo na wa wazee waliokimbia baridi ya kaskazini, hivyo hoteli za ufukweni ni ghali kuliko wakati mwingine wowote. Tafuta malazi ndani, mbali na ufukwe, na ufanye hivyo miezi mitatu au minne kabla. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya pili ya Machi saa za Marekani husogezwa mbele kwa saa moja, na kwamba mwaka wa mashindano ya dunia ya besiboli, kama 2023 na 2026, nyota wengi huondoka kambini kwenda kuzichezea nchi zao.

Tiketi zenyewe si tatizo kubwa. Bei hupanda Yankees au Red Sox wakija, na mwishoni mwa juma. Siku ya kazi, dhidi ya klabu isiyo na jina kubwa, hushuka sana, na za kwenye nyasi ni rahisi kuliko za nyuma ya mpigaji. Mechi nyingi huanza saa 7 na dakika 5 mchana. Joto la mchana ni nyuzi 22 hadi 26, kama asubuhi njema ya Julai Mombasa, na mvua ni chache kwa kuwa huo ni msimu wa kiangazi cha Florida. Hewa hiyo nzuri huwadanganya wengi. Jua la saa 8 mchana linaunguza bila kukutoa jasho, kwa hiyo kofia pana na mafuta ya kujikinga ni lazima, hata kwa ngozi nyeusi. Kanuni za mchezo hupendekeza uwanja uelekezwe ili mpigaji atazame mashariki kidogo kaskazini, jua la jioni lisimpige machoni. Ndiyo maana viwanja vingi kivuli huanza nyuma ya mpigaji kisha kusambaa upande wa besi ya tatu. Kaa upande huo, safu za juu. Viwanja vingi havipokei noti, ni kadi tu, na vina masharti ya ukubwa wa mikoba ambayo hutofautiana. Gari utahitaji, maana usafiri wa umma kati ya miji hii ni dhaifu, na madaraja kadhaa yana tozo inayopigwa picha kwenye namba ya gari. Muulize aliyekukodisha atakutozaje kabla hujaondoka, kwa sababu ada yake ya kushughulikia tozo inaweza kuzidi tozo yenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba mtu asiyeujua mchezo atapotea, na kwamba angeanza na mechi ya msimu, yenye kelele na drama. Mimi naona kinyume. Mechi ya msimu humpa mgeni raundi tisa za mambo yanayotokea kwa kasi baada ya vipindi virefu vya ukimya, na hakuna wa kumweleza. Asubuhi ya kambi humvunjia mchezo vipande vipande: hapa wanarusha, pale wanadaka, kule wanapiga, kila kipande kikirudiwa mara hamsini, huku mzee aliyesimama karibu nawe kwenye uzio akiwa na muda wote wa dunia wa kukujibu. Mtoto wa miaka minane anaelewa ndani ya saa moja kwa nini mpigaji mwenye chini ya nusu sekunde ya kuamua anakosa mara saba katika kumi na bado anaitwa hodari. Mchana akikaa kwenye mechi, anajua anatazama nini.

Hakiki jambo moja la mwisho kabla hujalipa: kambi iko wapi hasa mwaka huo. Kimbunga Ian cha mwaka 2022 kiliuharibu uwanja wa Port Charlotte, na Rays wakalazimika kufanya mazoezi kwingine mwaka uliofuata. Kimbunga Milton cha Oktoba 2024 kikaezua paa la uwanja wao mkuu wa St. Petersburg, nao wakacheza mechi za nyumbani za msimu mzima wa 2025 kwenye uwanja wa kambi wa Yankees, Tampa. Pwani hii nzuri hupigwa, na ratiba hufuata. Kama unatoka Afrika Mashariki, anza na viza ya matembezi, maana kusubiri usaili kunaweza kuchukua miezi mingi, na usinunue tiketi ya ndege kabla ya kuipata.

Na kama viza au ruhusa ya kazi itakuchelewesha Machi ikapita, usifute safari. Klabu kubwa zikishaondoka, viwanja vile vile hubaki na timu za daraja la chini kuanzia mapema Aprili: Marauders pale Bradenton, Threshers pale Clearwater, Tortugas kwenye uwanja wa Jackie Robinson kule Daytona. Mechi ni za jioni, tiketi ni rahisi, hoteli zimeshuka bei, na wanaocheza ni wale wale wa viwanja vya nyuma, safari hii taa zikiwa zimewashwa kwa ajili yao.